Siku Nzima na Katharine Hepburn: Uzoefu Wangu wa Chaneli ya TCM

Kila siku ya mwezi wa Agosti, chaneli ya Marekani ya Turner Classic Movies, au TCM kwa kifupi, humtengea nyota mmoja siku nzima, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa hiyohiyo kesho yake. Zamu ya Katharine Hepburn, mwigizaji wa zamani wa Hollywood, ilipofika, niliomba ruhusa kazini, nikapika pilau ya kutosha siku nzima, nikakaa mbele ya runinga mpaka usiku wa manane.

Kinachoitofautisha chaneli hii ni kwamba filamu haikatwi na matangazo ya biashara, na kabla haijaanza mtangazaji hueleza ilivyotengenezwa. Maelezo hayo yana faida. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtaja Hepburn miongoni mwa nyota wanaowafukuzia wateja. Naye akarudi jukwaani, akaigiza tamthilia ya The Philadelphia Story huku haki za kuifanya filamu zikiwa mikononi mwake, kisha akarejea Hollywood kwa masharti yake mwenyewe. Kwa hiyo katika filamu ya 1940, mwigizaji mwenzake Cary Grant anapomsukuma usoni hadi akaanguka chali, na hapo hadithi ndiyo kwanza inaanza, niliona kama watazamaji wa wakati ule wanalipwa deni lao.

Filamu hazikufuata mpangilio wa miaka, jambo nililodhani litanisumbua. Kumbe ndilo lililonifunza kumsikiliza: mchana unamsikia bibi mwenye sauti ya kutetemeka katika On Golden Pond ya 1981, iliyompa Oscar ya nne, na baada ya chakula unakutana na msichana yuleyule anayemeza maneno kwa haraka akimkimbiza chui katika Bringing Up Baby ya 1938.

Niliyoingoja hasa ni The African Queen ya 1951, iliyopigwa picha Kongo na Uganda, ambako Hepburn aliugua kwa sababu ya maji ya kunywa. Sisi tuliokulia Kigoma hatuwezi kuitazama kwa utulivu, maana meli ya Kijerumani iliyo nyuma ya hadithi hiyo tunaijua kwa jina la MV Liemba. Haikulipuliwa na mashua ya mlevi na mlokole kama filamu inavyosimulia. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua baadaye, na watu wa kwetu wameisafiria miaka na miaka. Waafrika katika filamu ni wa kuimba kanisani na kukimbia moto tu, na hilo liliniudhi. Hata hivyo, Hepburn na mwigizaji mwenzake Humphrey Bogart wanapogombana juu ya maji yale, nilisahau kula.

Lawama yangu ni kwa kampuni ya kebo, ambayo imeiweka chaneli hii katika kifurushi cha bei ya juu pamoja na michezo nisiyoitazama. Nimeamua kukilipia mwezi wa Agosti peke yake.