Intafesi ya matundu manne na efekti za nje: uzoefu wangu

Nikiulizwa kama intafesi hii, yaani kifaa cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta, inamfaa mtu mwenye efekti za nje (vifaa vya kubadili sauti vilivyo nje ya kompyuta), jibu langu ni ndiyo, ila si kwa sababu zilizoandikwa kwenye boksi. Boksi linasifu priampu zake (vikuza ishara ya maiki), linasifu biti 24 na sampuli 192,000 kwa sekunde, mambo ambayo karibu kila intafesi ya siku hizi inayo. Kilichonifanya niipende, na ndicho hichohicho kilichonikera, ni mikisa yake ya ndani: ile programu ndogo unayopakua baada ya kuchomeka USB, ambayo wanunuzi wengi huifungua mara moja kisha wakaisahau. Humo ndimo inapoamuliwa kama rivebu yako, yaani efekti ya mwangwi, itarudi safi au spika zitapiga mluzi.

Ni intafesi ya kawaida ya studio ya nyumbani. Ina njia nne za kuingiza: mbili za mbele zinazopokea maiki, gitaa au laini, na mbili za nyuma za laini tupu. Ina njia nne za kutoa: 1 na 2 kwa ajili ya spika, 3 na 4 za kufanyia unachotaka. Mimi nilichotaka ni kupeleka sauti kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye raki yangu ya zamani ya rivebu, wakati mwingine kwenye pedali ya dilei ya analogi (inayorudiarudia sauti) au kompresa (inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo), kisha kuirudisha ndani na kuirekodi. Plagini, yaani efekti za ndani ya kompyuta, ninazo, tena nzuri, lakini pedali ya dilei ukiizungusha kwa mkono huku wimbo ukicheza inatoa vitu ambavyo kwa mausi sijawahi kuvipata.

Idadi ya njia za kutoa ndiyo ya kuangalia kabla ya yote. Intafesi yenye mbili tu inakubana, kwa sababu njia hizo mbili zimebeba mchanganyiko wote unaousikiliza. Ukizigawa ili zilishe na efekti, sauti iliyotoka kwenye efekti inaingia kwenye mchanganyiko, mchanganyiko unaipeleka tena kwenye efekti, na mzunguko umefungika. Wapo wanaotenga upande wa kushoto kwa kusikilizia na wa kulia kwa efekti. Inafanya kazi, lakini unabaki kusikiliza mono, na kwa kuchanganya wimbo hilo ni jambo la kuudhi sana. Njia nne zinakuondolea adha hiyo, mradi mikisa ya ndani ikubali kuzitenganisha kwelikweli.

Hapa ndipo penye lawama yangu kubwa. Intafesi ilivyotoka kiwandani ilikuwa inanakili kila kinachoingia kwenda kila tundu la kutoa, ili mtu aliyechomeka maiki ajisikie papo hapo bila kusubiri kompyuta. Kwa mwimbaji huo ni msaada. Kwa mwenye efekti za nje ni mtego, kwa sababu rivebu inaporudi kwenye njia ya 3 na 4 za kuingiza, mikisa inaipeleka moja kwa moja kwenye 3 na 4 za kutoa, yaani kwenye rivebu ileile, na programu ya kurekodi haina habari. Unaweza kunyamazisha treki zote, ukafunga na mradi wenyewe, mluzi ukaendelea. Mwongozo wa kifaa unaieleza mikisa hii kwa aya mbili fupi na haugusi hatari hiyo kabisa. Dawa yake ni kufungua ukurasa wa matundu ya kutoa 3 na 4, kuondoa kila kinachotoka kwenye njia za kuingiza, na kuacha kimoja tu: sauti ya programu ya kurekodi, chaneli ya 3 na 4. Ukishahifadhi, mpangilio unakaa ndani ya kifaa hata ukikichomoa, na hapo nawapa alama zote.

Mluzi kwa kweli ni tatizo la hisani, maana unajitangaza. Hutokea pale ambapo kila mzunguko mmoja sauti inarudi na nguvu zaidi ya ilizoondoka nazo. Ikirudi na nguvu pungufu kidogo, hakuna kelele yoyote: unapata tu rivebu yenye harufu ya bati, mkia mrefu kuliko ulioupanga, au sauti ya mtu anayeongea ndani ya bomba. Watu huilaumu raki, wakaiuza, kumbe raki haina kosa. Kwa hiyo mimi siamini masikio peke yake. Nikimaliza kuunganisha nashusha spika, nasimamisha wimbo, nachomoa kebo ya marejeo (inayorudisha sauti) kwenye efekti huku upande wa pili ukibaki kwenye intafesi, halafu nagusa ncha yake kwa kidole. Kipimo cha njia ya 3 ya kuingiza kinapaswa kuruka. Kipimo cha njia ya 3 ya kutoa kikiruka nacho, kuna mlango uko wazi mahali fulani, na siendelei mpaka niupate.

Mlango wa pili uko ndani ya programu ya kurekodi. Treki inayopokea marejeo ya efekti haipaswi kuwa na njia ya kupeleka inayoelekea kwenye efekti hiyohiyo. Likisemwa hivi linaonekana dogo, lakini miradi mingi ina kiolezo ambacho kila treki mpya inazaliwa na njia za kupeleka zikiwa tayari, na treki ya marejeo nayo inazirithi. Angalia pia treki ya marejeo inatoka wapi: iende kwenye mchanganyiko mkuu, na mchanganyiko mkuu uende 1 na 2 peke yake. Intafesi hii ina pia chaneli ya lupubeki, ile ya kurekodi sauti ya kompyuta yenyewe. Ukiwa huitumii, usiiweke kwenye treki yoyote yenye kusikilizisha papo hapo. Inafunga mzunguko bila kebo hata moja.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kufurahia. Kati ya programu za kurekodi, katika REAPER natumia ReaInsert, katika Logic Pro kuna plagini ya I/O, na Ableton Live ina External Audio Effect. Zote tatu zinafanya kazi moja: unachagua tundu la kutoa na la kuingiza, na efekti ya nje inakaa kwenye treki kama plagini. Njia hii ni salama kuliko kutengeneza treki mbili za kupeleka na kupokea kwa mkono, maana sauti inatoka na kurudi mahali pamoja na hakuna treki ya ziada ya kusahaulika ikiwa wazi. Kikwazo ni kwamba huwezi kuutoa wimbo uliokamilika kama faili kwa kasi kuliko muda wake halisi. Dakika nne za wimbo ni dakika nne za kusubiri. Mimi hurekodi marejeo kwenye treki mpya mapema, nikazima efekti, nikaendelea na mengine.

Kuchelewa kwa sauti kunahitaji utulivu kidogo. Bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia) ya sampuli 128 kwa 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 2.7, na hiyo ni ya kwenda; ya kurudi inaongezeka juu yake, na vigeuzi pamoja na USB navyo vinachukua chao. Kwenye rivebu sijali, kwa sababu mwangwi wowote huanza baada ya sauti yenyewe, na ucheleweshaji huo unajificha humo. Kompresa inayochanganywa sambamba na sauti asili ni habari nyingine. Hapo milisekunde moja tu inatosha kuzila baadhi ya masafa na kuiacha ngoma nyembamba kama imepigwa kwenye debe. ReaInsert na I/O ya Logic zina kitufe cha ping kinachotuma mpigo na kupima umerudi lini; kwa Live unasogeza kipimo mwenyewe. Unapopiga ping hakikisha efekti inapitisha sauti kavu, isiyobadilishwa, la sivyo programu itapima mwangwi wa dilei badala ya safari ya kebo. Na ukibadilisha bafa, pima upya.

Kuhusu viwango, intafesi imenitendea haki nusu. Matundu yake ya kutoa yametengenezwa kwa kiwango cha kitaalamu cha +4 dBu, sawa na volti 1.23. Vifaa vingi vya nyumbani vya zamani husubiri −10 dBV, takriban volti 0.32, na tofauti ya hizo mbili ni karibu desibeli 12. Raki yangu ina swichi ndogo nyuma ya kuchagua kati ya viwango hivyo, kwa hiyo haikusumbua. Pedali ya gitaa haina swichi kama hiyo. Inasubiri ishara dhaifu ya gitaa, na ukiipa laini kamili inakoroma. Kushusha njia ya kupeleka kwenye programu kunasaidia, lakini kadiri unavyoshusha ndivyo kelele ya chinichini inavyosogea karibu na sauti yako. Suluhisho safi ni kisanduku cha kugeuza laini iwe ishara ya gitaa, kile ambacho mhandisi John Cuniberti alikipa jina la Reamp. Ninacho, na dilei imekuwa kimya tangu nilipokiweka katikati.

Marejeo ya pedali nayo hayapendi matundu ya nyuma. Yale hayana kirungu cha kuongeza sauti, na ishara ya pedali inafika ikiwa chini mno. Nairudisha mbele, kwenye tundu lenye priampu, na raki ndiyo inayokaa nyuma. Maana yake, siku ninayotumia pedali nabaki na tundu moja tu la maiki. Hilo ni la kulijua kabla ya kununua kama unarekodi watu wawili kwa pamoja.

Mngurumo wa umeme niliutarajia na ulikuja. Kebo ya jeki ya waya tatu kwenye raki iliumaliza upande huo. Kwenye pedali, ambayo haina njia ya waya tatu, niliweka kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha. Tafadhali usikate pini ya ardhi ya plagi ya umeme ili kunyamazisha mngurumo, hata kama kuna mtu amekuambia inafanya kazi. Pini ile ipo kwa ajili ya uhai wako.

Limebaki la hedifoni, na hili lingenifanya nirudishe kifaa dukani kama nisingepata njia. Tundu la hedifoni linabeba sauti ileile ya njia ya 3 na 4 za kutoa. Halina njia yake yenyewe. Kwa hiyo ukishazitoa 3 na 4 kwa efekti, hedifoni zinakusikilizisha sauti kavu inayokwenda kwenye rivebu, na wimbo wote umepotea. Michoro ya kwenye boksi haikuonyesha. Niliweka kidhibiti cha spika chenye tundu lake la hedifoni kwenye njia ya 1 na 2, na sasa nasikia kila kitu, lakini hicho ni kifaa kingine cha kununua na kutafutia nafasi mezani.

Kwa mtu mwenye efekti moja ya stirio, au mbili za mono, ambaye yuko tayari kukaa na ile programu ya mikisa jioni moja bila kurekodi chochote, ningesema nunua. Mwenye pedali tatu na raki mbili asijaribu kubanana humu. Atafute intafesi yenye njia nane za kutoa, au angalau yenye tundu la ADAT, la sauti ya kidijitali, ambalo kwa sampuli 44,100 au 48,000 humwongezea chaneli nane kwa kebo moja ya mwanga. Akipanda hadi 96,000 zinabaki nne. Na kabla ya kulipa apakue mwongozo, atazame mchoro wa mikisa ya ndani, ahakikishe hedifoni zina njia yao wenyewe.