Kuezua paa la asbesto kabla ya kuuza nyumba Mbeya na Iringa: huduma tatu, moja tu inastahili pesa

Anayeuza nyumba ya zamani Mbeya, Iringa au Mafinga, yenye yale mabati mazito ya kijivu yaliyoota ukoga kwa miaka ya mvua, hukutana na huduma za aina tatu. Wapo mafundi wa mtaani wanaoezua kwa siku moja na kuondoka. Kipo kikosi cha mkandarasi mwenye kibali cha taka hatarishi, ambacho hufanya kazi polepole na bei yake humshtua mwenye nyumba. Na wapo wanaofunika, yaani wanapiga rangi au wanaezeka bati jipya juu ya lile la zamani. Tunazipima zote kwa jambo moja: siku mnunuzi anapokuja na wakili wake, muuzaji ana nini cha kumwonyesha, na je, uwanja ule mtoto anaweza kuuchezea?

Kwa kipimo hicho inapita ya pili peke yake. Asiye na uwezo wa kuilipia aache paa lilivyo, aseme ukweli na apunguze bei. Hilo ni bora kuliko ya kwanza na ya tatu, na tutaeleza kwa nini.

Bati la asbesto ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, mara nyingi asilimia 10 hadi 15, na aina iliyotumika zaidi ni krisotili, asbesto nyeupe. Likiwa zima na limetulia juu ya kenchi, saruji imezishika nyuzi zake, na familia inayolala chini yake haina sababu ya kuhama usiku. Hatari huanza bati linapovunjwa, kukatwa, kutobolewa au kusuguliwa likiwa kavu. Nyuzi hizo ni nyembamba mno kuonekana kwa macho, huingia ndani kabisa ya mapafu na hukaa humo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, ambayo huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye au zaidi. Kwa hiyo fundi anayesema ameezua mapaa kumi na bado ni mzima hajathibitisha chochote.

Tuanze na mafundi wa mtaani. Bei yao ni ndogo, na wengine huezua bure ili mradi waachiwe mabati. Kazi yenyewe ni nyundo: wanavunja bati pale lilipobanwa na bolti, wanalisukuma, linaanguka chini na kupasuka. Ukiangalia ukingo wa kipande kilichovunjika utaona si laini kama wa kigae. Una manyoya, vinyuzi vyeupe vimechomoza kama vya gunia la katani lililochanika. Vumbi zito hutua upesi, lile jepesi lenye nyuzi hubaki hewani muda mrefu, nalo ndilo anayefagia kwa fagio kavu jioni analirudisha puani mwake na mwa majirani.

Kisha kuna swali la mabati yanakokwenda. Hugeuka kuta za banda la nguruwe, uzio wa bustani ya mboga, kifusi cha kujazia shimo barabarani, vigae vya njia ya kwenda chooni. Kila gurudumu linalopita juu yake linaendelea kulisaga. Mengine huwekwa kando ya mafiga, na bati la asbesto likipata moto mkali hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Kwa muuzaji hasara iko hapa: mnunuzi anaona paa jipya linalong'aa, anachimba msingi wa banda la kuku na kukutana na vipande vya kijivu futi moja chini. Nyumba iliyokuwa na tatizo juu ya paa sasa ina tatizo ndani ya udongo, na udongo ni mgumu kuusafisha kuliko paa.

Lipo pia la papo hapo. Bati la asbesto lenye miaka 40 halibebi mtu. Imani kwamba ukikanyaga kwenye mstari wa bolti uko salama ni ya kuua. Bati hukatika ghafla bila kulia kwanza, na chini yake kuna sakafu ya saruji. Mwenye nyumba anayemwona fundi akitembea wima juu ya paa hili amshushe, hata kama ni jamaa yake.

Huduma ya pili inaanza na karatasi, na hapo ndipo muuzaji anapaswa kuwa mgumu. Mkataba wa Basel, wa kimataifa, unaitaja asbesto kwa namba Y36 katika orodha ya taka hatarishi. Hapa kwetu taka hatarishi husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za taka hatarishi za mwaka 2021, na kuzikusanya, kuzisafirisha na kuzitupa kunahitaji kibali. Omba nakala ya kibali, kisha soma mambo matatu: jina la kampuni, tarehe ya mwisho, na aina ya taka. Kibali cha mafuta machafu au betri chakavu hakimruhusu mtu kubeba mabati haya. Ukiwa na shaka, peleka nakala ofisi ya kanda ya NEMC, taasisi ya serikali inayosimamia mazingira, iliyopo Mbeya waithibitishe kabla hujatoa malipo ya awali.

Msimu mzuri wa kazi huku nyanda za juu ni Juni na Julai, kabla upepo wa Agosti haujachachamaa. Asubuhi za miezi hiyo paa huwa limelowa umande, na bati lililolowa hutoa vumbi kidogo. Majirani wanaarifiwa siku moja kabla wafunge madirisha na waanue nguo. Ardhi inatandikwa nailoni angalau mita 3 kutoka ukutani pande zote. Wafanyakazi huvaa ovaroli za kutupwa zenye kofia, gambuti, glavu, na barakoa za daraja la P3 zilizobana uso vizuri. Barakoa ya hospitali au kitambaa havizuii nyuzi hizi, na ndevu huacha upenyo hata kwa barakoa nzuri.

Maji hupulizwa kwa bomba la mgongoni la lita 16, lile la kupulizia dawa ya viazi, mradi halijawahi kubeba dawa. Maji hutiwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili yanywewe na bati badala ya kuteleza. Yapulizwe kama manyunyu. Mashine ya kuoshea magari kwa presha hung'oa ukoga pamoja na nyuzi na kuzirusha ukutani na kwa jirani. Kofia ya paa hutoka kwanza, kisha mabati yanafuata kinyume cha yalivyopangwa. Bolti hufunguliwa, na iliyoshika kutu hukatwa kwa mkasi wa bolti au msumeno wa chuma. Ukiona grainda inapandishwa juu, simamisha kazi. Watu hufanyia kazi kwenye jukwaa au juu ya mbao pana zilizolala juu ya papi (mbao zinazoshikilia mabati), na kila bati hushushwa mkono kwa mkono na watu wawili.

Hesabu ya mzigo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Nyumba yenye paa la mita za mraba 140 ina mabati kama 70 ya urefu wa mita 2.4, na kila moja lina kilo 35 hadi 40. Hiyo ni kati ya tani 2.5 na 2.8, mzigo wa Kenta moja ya tani 3.5. Mabati hupangwa kumi kumi, yakafungwa kwa nailoni nzito ya geji 1000 mara mbili, yakabandikwa tepu na lebo. Yakishafika kwenye eneo la kuzika lililoidhinishwa, dai risiti yenye uzito. Ikisema tani 1.2 wakati hesabu yako ni 2.5, nusu ya paa lako iko kwenye banda la mtu. Karatasi hii ndogo, pamoja na picha za mabati yakiwa yamefungwa, ndiyo mnunuzi mwenye akili anayoilipia. Bila hiyo umenunua kazi ya mafundi wa mtaani kwa bei ya mkandarasi.

Hata vikosi vizuri vina makosa yanayojirudia. Kosa kubwa ni kuishia kwenye paa. Nyumba za miaka ile mara nyingi zina asbesto pia kwenye bodi bapa za chini ya kingo za paa, kwenye mabomba ya maji ya mvua na maji machafu, wakati mwingine kwenye dari. Bodi ya dari si rahisi kuitambua kwa macho. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kilichokatwa kikiwa kimelowa na kufungwa mifuko miwili, hupelekwa maabara kupimwa kwa darubini kabla mkataba wa kazi haujaandikwa. Kosa la pili ni kuacha vumbi lililolala juu ya dari kwa miongo, ambalo linapaswa kufutwa kwa matambara mabichi. Mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi hulisambaza nyumba nzima. La tatu ni kusahau gata, mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa. Tope jeusi lililojaa mle ni saruji iliyochujwa na mvua pamoja na nyuzi, nalo huzolewa likiwa bichi na kufungwa pamoja na mabati, matambara na ovaroli.

Jambo moja ambalo mikataba ya kuezua na kuezeka huliruka kabisa ni upepo. Bati la asbesto lina takriban kilo 16 kwa mita ya mraba; bati la chuma la geji 28 halifiki kilo 5. Paa lililokaa kwa uzito wake miaka 40 sasa ni jepesi, na kenchi zilizopigiliwa misumari miwili tu juu ya ukuta zinaweza kunyanyuliwa zima zima. Zifungwe ukutani kwa mikanda ya chuma kabla bati jipya halijapanda. Papi za asbesto pia huwa mbali mbali, mara nyingi zaidi ya mita 1.2, na bati jembamba la geji 30 likiwekwa kwenye nafasi hiyo hubonyea likikanyagwa na hupiga kelele usiku wa upepo. Papi za kuongeza ziwe ndani ya bei tangu mwanzo, maana fundi akizigundua katikati ya kazi nyumba ikiwa wazi, mwenye nyumba hana nafasi ya kubishana.

Huduma ya tatu, ya kufunika, ndiyo inayotusikitisha zaidi, kwa sababu inauzwa kama busara ya kubana matumizi. Ili rangi ishike, ukoga lazima ukwanguliwe, na kukwangua ndiko kunakotoa nyuzi. Ili bati jipya likae juu ya la zamani, skrubu hupita ndani ya asbesto mamia ya mara, na kenchi za zamani huongezewa mzigo. Baada ya hapo hakuna anayeliona tena. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuutengua mkataba. Muuzaji aliyefunika asbesto ili isionekane amejitengenezea ushahidi mwenyewe, tena wa mita za mraba 140. Wanunuzi waliowahi kuishi Uingereza, iliyopiga marufuku asbesto mwaka 1999, au Afrika Kusini, iliyofanya hivyo mwaka 2008, huinua macho darini kabla ya kuuliza bei.

Upande wa pesa, dai risiti ya EFD kwa kila kitu: kuezua, usafiri, kuzika, bati na mbao mpya. Kodi ya faida ya mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na gharama za kuboresha nyumba hupunguza faida hiyo pale tu zinapokuwa na risiti. Omba pia makadirio yatenganishwe. Bei moja ya jumla ya "paa jipya" humpa mkandarasi nafasi ya kupunguza pale usipoona, na usipoona ni kwenye kuzika.

Kama pesa haipo, usiguse. Chukua makadirio mawili ya maandishi kutoka kwa wenye vibali, mwonyeshe mnunuzi, na mkubaliane punguzo linalolingana nayo. Andikeni ndani ya mkataba wa mauziano kwamba paa ni la asbesto, liko zima, na mnunuzi amelijua. Bati moja lililopasuka linaweza kubadilishwa peke yake likiwa limelowa. Halilazimishi kuezua paa zima. Nyumba huuzika hivyo, na haibaki na doa.

Mafundi wa mtaani tunawapa 1 kati ya 5, na hiyo ni kwa ustadi wao wa kuezeka bati jipya, ambao ni wa kweli: waajiri kwa hatua hiyo, baada ya asbesto kuondoka. Wanaofunika tunawapa 0. Kikosi chenye kibali na risiti ya kuzika tunakipa 4. Kinachokosa ni kidogo lakini kinamgusa mtoto moja kwa moja: ule mstari wa udongo chini ya kingo za paa, mahali matone yamechimba kifereji kwa miaka yote. Nyuzi zilizooshwa na mvua hutua hapo, na hapo ndipo wengi hupanda mchicha kwa sababu ni pabichi. Mwambie mkandarasi aondoe sentimita 5 za juu zikiwa zimelowa, azifunge pamoja na mzigo mwingine, ajaze udongo mpya, na aandike hivyo kwenye makadirio kabla hajaweka ngazi ukutani.