Honda CG125 ya zamani kwenye ukaguzi: injini haina kesi, kesi iko kwenye waya na kadi

Kwa anayetaka kununua Honda CG125 ya zamani na kuiendesha Dar kihalali: ukaguzi wa trafiki inapita, na ikikwama mara nyingi ni kwa kitu cha bei ya balbu. Injini yenyewe ni nadra kuiangusha. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mzigo na oili husahaulika, wakaipa pushirodi (fimbo zinazosukuma vali) badala ya cheni ya taimingi, kwa hiyo hakuna cheni ya kulegea na kupiga kelele. Ukisikia mlio wa kugongagonga juu ya silinda, anza na tapeti, yaani mwanya wa vali. Injini ikiwa ya baridi, pistoni juu kabisa na vali zote zimefunga, weka mwanya wa 0.08 mm kila upande. Moshi wa buluu ni habari nyingine. Hapo ni ringi, silinda au sili za vali, na hakuna njia ya mkato.

Shughuli iko kwenye umeme. CG inawaka bila betri, kwa sababu umeme wa plagi unatoka moja kwa moja kwenye magineto (jenereta ndogo inayozungushwa na injini), na taa kubwa inakula huko huko. Betri imeachiwa honi, indiketa na taa ya breki. Ndiyo maana mtu anaweza kuzunguka miezi kati ya Tegeta na Posta na betri iliyokufa, kiki moja inawaka, hana habari, mpaka mkaguzi amwambie apige honi. Usikimbilie betri mpya. Weka mita kwenye betri, vuta moto kidogo: kwa mfumo wa volti 12, kipimo kisipopanda kabisa juu ya kile cha injini ikiwa imezimwa, chaji haifiki, kagua rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa magineto uweze kuchaji betri) au tafuta waya uliokatika. Betri mpya juu ya rektifaya mbovu ni hela ya bure.

Matoleo ya mwanzo ni ya volti 6, na hapo kuna mtego. Balbu ya volti 12 inaingia kwenye soketi bila ubishi, ila inawaka kama mshumaa. Soma maandishi ya kitako kabla ya kulipa. Wapenda LED nao wajue kwamba flasha (kifaa kinachopepesa indiketa) ya zamani inategemea mzigo wa balbu za kawaida. Ukiweka LED, indiketa zinaganda au zinapepesa kwa fujo mpaka ubadilishe na flasha. Halafu kuna chumvi. Pikipiki inayolala Kigamboni au Mbezi Beach hupata kutu pale waya wa athi unapofungwa kwenye fremu. Indiketa moja ikigoma na balbu ni nzima, piga msasa hapo kwanza. Taa kubwa kufifia kwenye sailensa (injini ikizunguka polepole bila kuvuta moto) ni tabia yake, ila isizimike.

Breki za ngoma zinatosha mradi zisiwe zimedanganywa. Kwenye pleti ya breki kuna mshale na alama: kanyaga breki mpaka mwisho, mshale ukifika kwenye alama, breki shuu zimeisha. Fundi mjanja huchomoa mkono wa breki, akausogeza jino moja, breki ikaonekana inashika upya. Inashika, lakini shuu ni zile zile nyembamba, na siku moja kemu (kipande kinachotanua shuu) itapinduka na gurudumu litajifunga. Angalia pembe kati ya mkono na waya breki ikiwa imeshika. Ikizidi sana nyuzi 90, fungua ngoma. Ukifunga tena, grisi kidogo kwenye kemu tu. Swichi ya taa ya breki ya nyuma hurekebishwa kwa kuzungusha nati yake. Ukizungusha swichi nzima unakata waya.

Cheni ni ya saizi 428, mchezo wake (ulegevu wa juu na chini) milimita 15 hadi 25. Mashimo ya Goba humaliza beringi za usukani: inua gurudumu la mbele, geuza taratibu, ukihisi inakwama kidogo ikiwa imenyooka, kubali kubadilisha. Tairi kipara, saiti mira na ekzosi iliyotoboka havihitaji maelezo.

Sasa kadi ya usajili. Pikipiki nyingi za Kichina zilitumia injini iliyonakiliwa kutoka CG, na ndiyo maana Kariakoo hukosi gasketi, klachi wala pistoni ya kuitosha. Hiyo ni sifa kubwa. Lakini wengine huenda mbali, wanang'oa injini ya Honda na kufunga ya Kichina nzima, na namba ya injini haifanani tena na iliyo kwenye kadi. Fundi hawezi kukusaidia hapo. Ni kwenda TRA (mamlaka ya mapato, inayosajili vyombo vya moto) na nyaraka za injini mpya ili kadi isome namba sahihi. Kabla ya kutoa hela, futa grisi usome namba zote mbili, ya injini ubavuni na ya chasisi kwenye shingo ya usukani. Ya chasisi ikiwa imepigwa rangi nene au imekwanguliwa, muuzaji akishusha bei hata nusu, achana nayo.