Uzoefu wangu: mfumo wa kusimamia nyumba za urithi tuliotengenezewa Dar

Kabla sijafika kwenye mfumo wenyewe, niwaeleze nyumba zikoje, maana bila hilo mtadhani nalalamika bure au nasifia bure. Marehemu baba alituachia nyumba ya Kiswahili Magomeni, ile ya korido katikati na vyumba pande mbili, mbele ina fremu tatu za biashara. Tabata akatuachia jengo dogo la apatimenti. Majengo hatujagawana. Tulikubaliana kodi ikusanywe, gharama zitolewe, kinachobaki kigawiwe warithi. Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, lakini anaishi Mwanza, kwa hiyo kauntabuku liko kwangu.

Na lilikuwa kauntabuku kweli, lenye jalada gumu na kurasa zilizojaa wino wa rangi tatu. Huyu kalipa miezi sita kuanzia katikati ya Februari, yule miezi mitatu, mwingine kalipa nusu na kuahidi kumalizia mshahara ukitoka. Kila mgao ukifika mdogo wangu anapiga simu: "Dada, mbona safari hii kidogo?" Hakuwa ananituhumu. Lakini ukiulizwa swali hilo mara nyingi unaanza kujisikia kama mtuhumiwa.

Tulianza na mfumo wa kununua, uliotengenezwa nje, unaolipiwa kwa dola kila mwezi. Kwa macho unavutia sana, una michoro na rangi. Tatizo lake ni kwamba kwake kodi inaiva tarehe moja ya kila mwezi, kwa kila mpangaji, basi. Dar nani analipa hivyo? Mtu aliyekwisha lipa miezi sita mfumo ulikuwa unamwandalia ankara kila mwezi na kumtumia meseji ya kudaiwa. Mama mmoja wa Magomeni, mpangaji wetu tangu enzi za baba, alikuja na risiti yake mkononi akaniuliza, "Mwanangu, mmeanza kunidai mara mbili?" Niliwauliza watoa huduma kama ratiba ya malipo inaweza kubadilishwa, nikajibiwa kwa adabu kwamba ombi langu limepokelewa. Nadhani bado wanalipokea.

Ndipo tukaamua kutengenezewa wetu. Tuliwapa kazi vijana wenye kampuni ndogo, ofisi yao iko Sinza. Jina lao nalihifadhi kwa sababu nina ya kuwasifu na ya kuwalaumu, na sitaki kuwafungia riziki. Bei ilikuwa milioni nne na laki mbili kwa awamu tatu, halafu laki sita kwa mwaka za seva na matengenezo. Kwa familia yetu si hela ndogo. Kaka alisema hiyo ni bati za nyumba nzima, na alikuwa sahihi.

Kilichonifurahisha kwanza ni kwamba hawakuja na kompyuta, walikuja na maswali. Binti aliyekuwa anaandika programu alilichukua kauntabuku akalipitia ukurasa kwa ukurasa, kila penye alama ya ajabu ananiuliza maana yake. Matokeo yake mfumo wetu hauna kabisa kitu kinachoitwa ankara ya mwezi. Una kipindi: mpangaji analipa, malipo yake yananunua muda, na mbele ya jina lake panasomeka "amelipiwa hadi" tarehe fulani. Akilipa pungufu, tarehe inasogea kwa kiasi kile kile alicholipa. Siku 30 kabla muda haujaisha anapata meseji ya kumkumbusha, na nyingine zikibaki siku 7. Meseji ya kawaida ya simu, si programu ya kupakua, kwa sababu nusu ya wapangaji wetu wa Magomeni wanatumia simu za kitochi. Nilisisitiza pia kila meseji isizidi herufi 160, maana ikizidi inahesabiwa kuwa mbili na anayelipia ni mimi.

Sasa LUKU. Hapa ndipo mfumo wa nje usingetufaa hata kama ungebadilisha ratiba. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye ununuzi wa umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Majengo ya ghorofa kiwango chake ni kikubwa zaidi. Kisheria mzigo huo ni wa mwenye nyumba. Lakini anayenunua tokeni ni mpangaji, kwa hiyo anayekatwa ni mpangaji, na katika nyumba yenye mita moja ambayo watu wananunua umeme kwa zamu, anayeumia ni yule ambaye zamu yake imeangukia mwanzoni mwa mwezi. Ananunua umeme wa elfu tano, anapata uniti pungufu, wenzake wanadhani amenunua wa elfu tatu na mia tano na nyingine katia mfukoni. Mimi nimeshasuluhisha ugomvi wa namna hiyo uani, tena na watu wazima wenye wajukuu.

Vijana walitengeneza kipengele kidogo tu. Mpangaji aliyekatwa ananitumia meseji ya tokeni, ambayo inaonyesha makato, mimi naingiza kiasi, mfumo unamwandikia kuwa ni haki yake na kukipunguza kwenye kodi inayofuata. Akikatwa miezi sita mfululizo ni 9,000, na inatokea kwenye risiti yake kwa mstari wake peke yake. Hela yenyewe si nyingi. Lakini ile risiti imeleta amani kuliko vikao vyote nilivyoitisha pale uani. Kama mtengenezaji wako wa mfumo hajui LUKU inavyokata kodi ya majengo, mwelimishe kabla hujamlipa awamu ya kwanza.

Kwenye fremu kuna jambo la haraka. Mmoja wa wapangaji ni kampuni, na kampuni ikilipa pango inakata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA. Kodi ya fremu ni laki tano kwa mwezi. Mkononi inafika 450,000 na cheti cha 50,000. Mwanzoni mfumo ulikuwa unasoma ile elfu hamsini kama deni. Walirekebisha siku ile ile nilipowaambia, na sasa vyeti vyote vimepakiwa humo, nikivitaka wakati wa hesabu za TRA navipata.

Mgao wa warithi ndio uliotutoa jasho wote. Sisi ni Waislamu, na baba kaacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili. Mama ana thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki ni chetu watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Ukurasa wa warithi ulikuwa unataka asilimia zenye desimali moja, na jumla lazima iwe 100. Haya piga: mama 12.5, mimi na mdogo wangu wa kike 14.6 kila mmoja, kaka zetu 29.2 kila mmoja. Jumla ni 100.1. Mfumo ukagoma. Kijana mmoja pale ofisini, bila nia mbaya, akapendekeza mama tumwekee 12.4 ili mambo yaende. Nilimwambia mwanangu, fungu la mama limetajwa kwenye Qur'ani, halipunguzwi ili kompyuta iridhike.

Suluhisho alilipata yule binti, baada ya kukaa na shehe wa mtaani kwao. Asilimia zikafutwa, mfumo sasa unahesabu kwa mafungu. Mali nzima ni mafungu 48: mama 6, binti 7, mtoto wa kiume 14. Robo moja ya mwaka huu, baada ya kutoa gharama, zilibaki 1,440,000. Fungu moja likawa 30,000. Mama akapata 180,000, mimi na mdogo wangu 210,000 kila mmoja, kaka zetu 420,000 kila mmoja. Hakuna shilingi iliyobaki ikielea. Kila mrithi ana nywila yake, anaingia anaona kodi iliyopokelewa, fundi aliyelipwa kuziba bomba, gari la kuvuta choo, kila kitu na picha ya risiti. Mama hatumii simu ya namna hiyo, yeye nampelekea karatasi iliyochapwa kwa maandishi makubwa. Lile swali la "mbona safari hii kidogo" sijalisikia tena. Siku hizi swali ni "mbona fundi wa umeme amelipwa sana", na hilo angalau lina jibu.

Faida nyingine sikuitegemea. Kaka alipotakiwa na mahakama ya mwanzo kupeleka orodha ya mali na hesabu za mirathi, zile Fomu namba 5 na namba 6, tulichapa taarifa kutoka kwenye mfumo na kuzitumia kujazia. Zamani ingekuwa kutafuta risiti kwenye mifuko ya plastiki.

Upande wa malipo bado ni kuungaunga. Ili mpangaji alipe kwa simu na kuandika kumbukumbu namba ya chumba chake, unahitaji namba ya kampuni, na sisi si kampuni, ni familia. Tuna lipa namba ya kawaida. Hela inaingia kwa jina la mwenye laini, na laini ina jina la shemeji, la mume, la bosi, mara nyingine la mtu aliyehama Dar zamani. Vijana wakaweka simu ya Android nyumbani kwangu, imechomekwa kwenye chaji muda wote, inasoma meseji za malipo na kuzipeleka kwenye mfumo, halafu mfumo unakisia ni chumba gani kwa kulinganisha namba za simu zilizowahi kulipa. Ikishindwa inaniuliza. Inafanya kazi vizuri mpaka umeme ukatike kwa muda mrefu au bando liishe. Mwanangu aliitumia kucheza gemu ikamaliza bando, na siku mbili malipo hayakuonekana. Kwa hela tuliyolipa nilitegemea njia iliyo imara zaidi ya simu juu ya kabati.

Niwalaumu sasa. Walichelewa sana. Awamu ya pili waliichukua kabla ya Ramadhani, kazi ikaja baada ya Idi, na simu zangu zilikuwa zinapokelewa na mtu mwingine kila mara. Pili, jina la tovuti walilisajili kwa jina la mmoja wao. Hilo niligundua kwa kuwa mpwa wangu anasoma mambo hayo chuoni na akalichungulia. Maana yake ni kwamba siku tukigombana, mfumo wetu wenye hesabu za mirathi ya baba uko mfukoni mwa kijana wa watu. Walilihamisha bila ubishi, lakini ilibidi tuombe. Kwenye mkataba tukaongeza mstari kwamba programu yote iliyoandikwa ni mali yetu na kwamba naweza kupakua hesabu zote kwa Excel wakati wowote. Napakua kila Jumapili na kuweka kwenye flashi.

Tatu ni faragha. Mkataba wa mpangaji una namba ya NIDA, tarakimu 20, picha na namba za ndugu zake. Mwanzoni msimamizi wetu wa Tabata, ambaye kazi yake ni kufungua geti na kusimamia taka, alikuwa anaona vyote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na vijana wa kompyuta ndio walipaswa kunikumbusha mimi, si mimi niwakumbushe wao. Sasa yeye anaona jina, chumba na tarehe ya kuisha kwa kodi.

Je, ningekushauri utengenezewe wako? Kama una nyumba moja yenye wapangaji wanne na hela yote ni yako, hapana, baki na daftari au Excel, hiyo milioni nne piga nayo rangi. Kama una vyumba vingi na mmiliki ni mmoja, tafuta kwanza mfumo uliotengenezwa hapa hapa nchini, siku hizi ipo, na umuulize muuzaji swali moja tu: mpangaji akilipa miezi sita na nusu, skrini itaonyesha nini? Wenye mali ya urithi isiyogawanywa ndio naona gharama hii inawarudia, kwa sababu mfumo wa dukani haujui mafungu 48.

Kilichobaki ni maji. Bili ya DAWASA mfumo unaigawa sawa kwa kila chumba, wakati chumba cha tano wanaishi watu sita na cha saba anaishi bwana mmoja anayeondoka alfajiri kurudi usiku. Kwa hiyo naigawa kwa mkono, kwa vichwa, kama zamani. Mkataba wa matengenezo unaisha Desemba. Nimewaambia nitaongeza mwaka mwingine ila maji yawe ya kwanza kwenye orodha. Wamenitumia makadirio ya laki tatu na nusu, na kaka bado hajajibu.