Geji ya presha ya maji kwenye nyumba ya zamani Ngamiani: uzoefu wangu

Kama nyumba yenu ni ya zamani na maji ya bafuni yanachirizika tu, nunua geji ya presha kabla hujanunua pampu. Yangu nimeitoa duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga mjini: kisahani chenye mshale na nati ya shaba ya robo tatu inchi ya kufungia kwenye bomba. Haina betri wala programu ya simu. Bei yake haifiki hela ninayomlipa fundi kwa siku moja.

Nyumba ni ya marehemu babu, iko Ngamiani, na sasa anakaa mama mkubwa na wajukuu zake. Mabomba ni ya chuma, yale ya zamani, yamelazwa chini ya sakafu. Ukitega ndoo ya lita 20 bafuni unaosha vyombo vyote na bado haijajaa. Mtaani kila mtu ana sababu yake: huyu anasema Mto Zigi, unaotuletea maji ya mjini, umepungua, yule anasema tatizo ni bwawa lake la Mabayani. Fundi wa kwanza alisimama mlangoni, akatazama maji yanavyotoka, akasema, "Dada, hapa dawa yake ni pampu tu." Hakugusa hata koki moja.

Nikaanza na bomba la uani, lililo karibu na mita. Bomba nyingine zote zikiwa zimefungwa, mshale ukasimama kwenye bar 2.5 (bar ni kipimo cha presha). Si haba hiyo. Bar 1 inapandisha maji kama mita 10, na nyumba hii haina ghorofa. Jioni, mtaa mzima unapochota, ikashuka hadi 1.8. Kwa hiyo maji yanafika hadi uani, na Zigi wa watu hana kosa.

Bafuni ndipo geji inapoweza kukupoteza, na karatasi iliyokuja nayo haisemi chochote kuhusu hilo. Mshale ulisimama palepale, 2.5. Maji yakitulia, presha husawazika bomba zima, hata kama tundu limebaki la kupitisha sindano. Ukiishia hapo utaapa kwamba bomba halina shida. Lazima usome huku maji yanakimbia. Jikoni na bafuni kwetu panalishwa na bomba moja, kwa hiyo niliiacha geji bafuni nikafungua bomba la jikoni hadi mwisho. Mshale ukaporomoka karibu na sifuri. Nikaihamishia uani, jikoni pakiwa bado wazi: ukashuka kidogo tu, ukatulia. Kizuizi kilikuwa kati ya pale uani na jikoni. Vichujio vya midomo ya bomba nilishavisafisha mapema, maana hivyo huziba kwa mchanga na kuvifungua hakugharimu kitu.

Fundi wa pili, kijana tu, nilimpa namba hizo akazielewa mara moja. Alianza na koki kuu, kwa sababu geti la ndani, kile kibamba kinachofunga maji, huweza kukatika likaziba njia huku mpini unazunguka kama kawaida. Lilikuwa zima. Akakata elbo (kiungo cha kona) ya kuingilia jikoni, bomba la nusu inchi. Kutu ilikuwa imeota mafundo ndani, tundu lililobaki halipitishi penseli. Akanionyesha: "Mama, pampu ingesukuma nini hapa?" Tumeweka bomba la plastiki la PPR la robo tatu na kuipitisha ukutani kwa nje, kwa sababu mama mkubwa alikataa katakata sakafu yake nyekundu ivunjwe. Haipendezi kuitazama, lakini ikivuja tutaiona.

Sasa kasoro za geji. Mpira wake ulivuja tangu mwanzo; thredi tepu haikusaidia kwa sababu kinachozuia maji hapo ni mpira, si thredi. Nilinunua mpira mwingine mzito zaidi, ukatulia. Bomba lisilo na thredi nje halikubali kabisa, kwa hiyo sinki la jikoni sikuweza kulipima. Mshale nao hurukaruka mtu akifunga bomba kwa ghafla. Subiri utulie ndipo usome.

Kuna kazi nyingine ambayo sikuinunulia. Funga koki kuu na bomba zote, acha geji bafuni, bomba lake tu likiwa wazi, nenda kanywe chai. Wetu mshale ulishuka polepole, maana yake maji yalikuwa yanapotea ndani. Lilikuwa tangi la choo, linavuja kimyakimya kwenye mpira wa chini.

Wenye nyumba zinazotumia tanki la juu pekee, hii msiinunue. Tanki lililo mita 3 juu ya bomba linatoa bar 0.3 tu, na kwenye kisahani hiki kinachofika bar 10 mshale hata haunyanyuki vizuri. Ulizieni ya bar 0 hadi 1.