Oili ya gia kwa gari la porini: ununue ipi, uache ipi

Ukiingia duka la spea ukaomba oili ya gia, muuzaji atakuuliza kitu kimoja: namba 90 au 140, yaani uzito wa oili? Swali hilo halitoshi. Land Cruiser ya gia za mkono, zile za safu ya 70 zinazobeba watalii Ruaha na Serengeti, inawekwa oili ya gia sehemu nne: giaboksi, transfa (inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), difu ya mbele na difu ya nyuma. Kabla ya namba, tafuta kwenye kopo herufi GL.

GL-5 ni ya difu. Krauni na pinioni, gia mbili za ndani ya difu, hubanana huku zikiteleza, kwa hiyo oili yake ina dawa nyingi ya salfa na fosforasi. Ndiyo inayotoa ile harufu isiyotoka nguoni. GL-4 ina dawa kidogo zaidi, na ndiyo salama kwa giaboksi zenye sinkronaiza za shaba. Sinkronaiza ni pete inayolinganisha kasi ya gia kabla hazijaungana; inahitaji kushika kidogo ili gia iingie. Ukiiwekea GL-5 inateleza mno, gia zinaanza kukwaruza, na baadhi ya dawa hizo hula shaba oili ikichemka. Kitabu cha gari kikiruhusu GL-5 kwenye giaboksi, kifuate.

Ya kwanza: 80W-90 GL-5 ya kawaida, kwa difu zote mbili. Najua wapo watakaobisha kwamba sinthetiki, oili ya kuundwa kwa kemikali, ni bora. Ni bora kweli, kwenye lami. Ile namba yenye W ni ya baridi, na 80W hupimwa kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Hata Makete, ambako majani huamka na barafu mwezi wa Juni, hakufiki huko. Adui wa difu ya porini ni maji. Difu ikiwa ya moto ukaitumbukiza mtoni, hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na inavuta maji kupitia sili au mrija wa kupumulia. Ukifungua bolti ya chini inatoka oili ya rangi ya chai ya maziwa. Ikifika hapo hakuna cha sinthetiki: unamwaga yote. Nunua ya bei ya wastani, ubadilishe mara kwa mara, na mrija ule uupandishe hadi juu ndani ya boneti.

Ya pili: 75W-90 GL-4 sinthetiki, kwa giaboksi na transfa. Hapa ndipo pa kutoa hela. Gia huingia laini asubuhi, na oili haichakai haraka. Ila si kila giaboksi inatumia oili ya gia: Land Rover yenye giaboksi ya LT77 inatumia ATF, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Fundi akitaka kuijaza namba 90, mzuie.

Ya tatu: 85W-140 GL-5. Inafaa difu iliyochoka, gari la mizigo, nchi ya joto. Mafundi wetu wanaipenda kupita kiasi kwa sababu inapunguza mlio. Lakini krauni iliyolika imelika; umenyamazisha kelele tu, na gari linakuwa zito kidogo.

Difu yako ikiwa ya LSD, ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure peke yake, kopo lazima liandikwe LS, vinginevyo inatetemeka kwenye kona.

Ya mwisho: ya kupima kutoka kwenye pipa. Haina lebo wala namba ya toleo, hujui imechanganywa na nini. Iache hapo hapo hata ikiwa nusu bei.

Usiogope namba kubwa ukilinganisha na oili ya injini. Vipimo ni viwili tofauti. 90 ya gia ina uzito unaokaribiana na 40 au 50 ya injini.

Dukani, kagua pete ya kifuniko kama haijakatwa, uone na alama ya TBS, au ya KEBS ukiwa Kenya. Chukua washa mpya za bolti na lita moja ya ziada. Gereji, hakikisha fundi anafungua kwanza bolti ya kujazia, kwa kawaida spana 24 kwenye difu ya nyuma ya Toyota. Akimwaga kwanza halafu ile ya juu ikagoma, gari limelala hapo hapo.