Civilization VI: vita nashinda, pochi inalia

Nimecheza Civilization VI, mchezo wa video wa kujenga taifa na kupigana vita, tangu utoke 2016, na bado kinachonitoa jasho si adui, ni bei ya kupandisha vikosi daraja, yaani kuvigeuza kuwa vya kisasa zaidi. Mwanzoni unajiona tajiri: kikosi kimoja cha wapiga kombeo kuwa wapiga mishale ni dhahabu 60 tu, ukicheza kwa kasi ya kawaida ya mchezo. Ukiwa na vikosi sita hivi, piga hesabu mwenyewe!

Dawa ni Jeshi la Kitaalamu (Professional Army), moja ya kadi za sera unazoipa serikali yako mchezoni; hii inakata nusu ya gharama. Basi mimi hujibana, nalimbikiza dhahabu, naiweka kadi, napandisha wote kwa mkupuo, kisha naitoa. Juzi nilisahau kwamba kikosi lazima kiwe kwenye ardhi yako au ya rafiki. Wapiga mishale wangu watatu walikuwa mbali, mlangoni pa mji wa adui, na kombora la ukuta likammaliza mmoja wakati nawarudisha. Uzembe wangu, sikatai.

Ghali, ndiyo, ila kikosi kinabaki na uzoefu wake wote. Kwa mkongwe aliyepanda vyeo vitatu, nalipa bila kunung'unika. Kwa kuruta, hapana, afadhali nimwache alinde ng'ombe.